Ngazi ya Tisa ya Kuazima

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Mama Nywila amekwisha kukasirika.

Amesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, tambara begani, funguo ameziuma kwa meno, mikono yote miwili inavuta mlango wa chuma unaofunguka pale tu unapojisikia. Nyuma yake wanafunzi wa darasa la mwisho wamepanga mstari ambao si mstari. Wanasukumana, wanacheka, na kabla hajatoa funguo mdomoni mmoja wao ameshaanza.

"Mama Nywila, nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Nywila."

"Ile ya juzi? Niliyokuwekea mimi, ukaniambia hii siisahau hata nikifa?"

"Ndiyo hiyo."

"Na jina lako unalikumbuka? Maana tuanze na hilo."

Mstari mzima unaangua kicheko. Yeye hacheki. Anausukuma mlango kwa bega, anaingia, anaanza kuvua vifuniko vya kitambaa alivyovishona mwenyewe kwa mapazia ya zamani ya ofisi. Kompyuta zimo ishirini. Zinazowaka ni kumi na tatu, tena kwa hisani. Moja kitufe chake cha sifuri kimeng'oka, kwa hiyo anayekaa pale hubonyeza kipira kilichobaki chini, na wakati mwingine zinatoka sifuri tatu kwa mpigo.

"Nimesema, nimeandika, nimepayuka," anasema huku akipangusa vumbi. "Sikio la kufa halisikii dawa. Ila na mimi nimeshakuwa sugu, siachi."

Jina hilo la Mama Nywila alipewa na wanafunzi, na halikuwa la heshima. Ana miaka arobaini na minne, na aliajiriwa hapa kufagia. Kompyuta zilipoletwa, fundi aliyekuja kuzifunga alimkuta yeye tu chumbani na fagio lake, akamwonyesha namna ya kuziwasha, kuzizima na kuwarudisha ndani waliosahau nywila. Fundi akaenda zake. Mwalimu wa hesabu ana mikondo mitatu ya kufundisha, akifika hapa amechelewa na akiondoka amewahi. Basi chumba kikabaki mikononi mwa mwenye funguo. Hati yake ya mshahara mpaka leo inamwita mfagizi, na analipwa kama mfagizi.

Kinachomtoa jasho si vumbi. Ni programu ya mazoezi ya hesabu ambayo shule iliipata mtandaoni mwaka jana, na ambayo mtu anaweza kuiendeleza nyumbani kwa simu. Si kama kitabu, kinachompa kila mtu swali lilelile hata kama mmoja anasinzia na mwingine anatoa machozi. Hii inamsoma mtu. Ukipata, inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakurudisha nyuma kidogo, inakuonyesha ulipoteleza, kisha inakuletea jingine la aina hiyohiyo mpaka likae. Kuna ngazi kumi na mbili, na kila mtu anapanda kwa mwendo wake.

Kitu kizuri, hakuna anayebisha. Tabu ni kwamba kinatumiwa na binadamu.

"Hii programu haina macho," anaeleza Mama Nywila, na unasikia kabisa kwamba maneno haya ameyasema mara nyingi mpaka yamemchosha. "Haikujui kwa sura wala kwa ukoo. Inakujua kwa majibu yako basi. Sasa wewe nenda kwa fundi cherehani, akikupima bana tumbo. Atakushonea gauni zuri sana. Halafu livae, uone nani litambana."

Na hapa shuleni, kubana tumbo ni desturi. Wameipa hata jina: kupandishana. Kumwacha mwenzako ngazi ya pili wakati wewe uko ya saba ni roho mbaya, ni kujiona. Kwa hiyo kuna binti mmoja mwenye kichwa chepesi cha hesabu, wanamwita Injinia, ambaye kazi yake ni kuhama viti. Anakaa hapa dakika mbili, anajibu maswali matano, mwenye kiti anapanda ngazi, yeye anahamia kwa mwingine. Anafanya hivyo bila kudai hata peremende. Anafanya kwa upendo, na huo upendo ndio unaomtia Mama Nywila wazimu.

"Angekuwa mchoyo ningemshukuru," anasema. Halafu anapaza sauti bila hata kugeuka: "Wee Injinia! Nimekuona! Rudi kwenye kiti chako!"

Injinia anarudi. Baada ya muda mfupi yuko kwa mwingine.

Juu ya hayo kuna ubao. Umetundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na kila Ijumaa huandikwa majina na ngazi, kisha husomwa mbele ya shule nzima kuanzia juu kushuka chini. Mwalimu mkuu anaupenda ubao huo kama mtoto wake wa mwisho. "Unawatia ari," anasema. "Wanafunzi wetu wamepanda kwa kasi ambayo hata mimi sikuitarajia."

Mama Nywila naye hakuitarajia. Ila yeye ndiye aliyekuwa chumbani akiitazama ikitokea.

*

Kwa muda mrefu jina la juu kabisa ubaoni lilikuwa la binti wa dada yake.

Nyumbani wanamwita Bibie, kwa sababu alipoanza kutembea alitembea kwa maringo utadhani anaelekea harusini. Mama yake anafanya kazi mji mwingine, na alimwacha kwa mdogo wake akisema neno moja tu: "Nakuachia." Mama Nywila na mumewe hawakujaliwa mtoto. Bibie ndiye mtoto wa nyumba.

Bibie anataka kusomea maabara ya hospitali. Anataka kuvaa koti jeupe na kupima damu za watu, na ameshaanza kuwatisha jamaa kwa kuwaambia wanaonekana hawana damu ya kutosha. Chuo cha maabara hakimchukui aliyeanguka hesabu. Hakuna mlango wa nyuma, hakuna kujuana. Mtihani wa mwisho uko muhula ujao.

Na Bibie alikuwa ngazi ya tisa. Mama yake huko aliko alishawatangazia wafanyakazi wenzake. Kila Jumapili akipiga simu, kabla ya salamu: "Ngazi ya ngapi sasa?"

Kisha mwalimu wa hesabu akatoa jaribio la karatasi, kalamu mkononi, kila mtu na dawati lake. Bibie akapata kumi na nane kwa mia.

"Nilidhani wamechanganya karatasi," anasema Mama Nywila. "Nikamwendea mwalimu nikamwambia, huyu ni wa ngazi ya tisa. Akaniambia, basi ngazi imepanda yeye akabaki chini."

Hakulala vizuri. Alipomtazama Bibie pale chumbani akaona kitu ambacho alikuwa hajakiangalia kwa makini. Skrini ilikuwa inamletea maswali ya uwiano na asilimia yaliyopindwapindwa, na mtoto mwenyewe alikuwa bado anagawanya kwa vidole chini ya meza. Anabahatisha, anakosa, anabahatisha tena. Swali likishindikana anafunga macho na kubonyeza lolote.

Bila shaka ni Injinia, akasema moyoni. Akamhamisha Bibie, akamkalisha mbele, kando ya meza yake, mahali ambapo hata nzi asingefika bila kuonekana. Injinia akapigwa marufuku upande ule. Ngazi ya Bibie ikaanza kushuka, na Mama Nywila akashusha pumzi. Kesho yake asubuhi akaikuta imepanda tena. Ikashuka mchana. Kesho yake imepanda.

"Mchana inashuka, usiku inapanda, kama homa," anasema. "Nikajiuliza, jamani, hiki ni kitu gani?"

Siku moja umeme ukakatika shuleni kabla ya mchana na wanafunzi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mama Nywila akabaki kufunika kompyuta zake, akafunga mlango kwa mapambano yake ya kawaida, akarudi kwake bila haraka. Mumewe ni fundi ujenzi, na siku hiyo mvua ilimzuia kwenda kazini. Alipokaribia mlango wa nyumba akasikia sauti mbili sebuleni, moja ya Bibie ikisoma.

"Robo tatu ya mia mbili arobaini?"

"Mia na themanini! Bonyeza!"

"Asilimia kumi na tano ya mia sita?"

"Tisini! Bonyeza, mama, bonyeza twende!"

"Mafundi sita wanajenga ukuta kwa siku kumi. Mafundi wanne watajenga kwa siku ngapi?"

"Kumi na tano! Tena kama saruji ipo!"

Mama Nywila alisimama pale nje na mkoba wake, mvua inamnyeshea, asijue acheke au alie. Miezi yote ile amewakaripia watoto wa watu, amemfukuza Injinia wa watu kutoka kiti hiki mpaka kile. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kiko kwenye kochi, kimenyoosha miguu, kinakunywa chai.

Akaingia. "Nani anafanya mtihani humu ndani?"

Mumewe akaweka kikombe chini taratibu. "Namsaidia mtoto," akasema.

"Tangu lini?"

"Si tangu mlete hiyo programu? Jioni, ukiwa jikoni."

"Tangu mwaka jana!"

"Alikuwa analia, mke wangu. Kila akijibu inamwandikia 'jaribu tena', 'jaribu tena'. Mtoto analia, mama yake yuko mbali, mimi majibu ninayo kichwani. Nikae tu namtazama?"

"Ndiyo! Ukae tu umtazame! Mchelea mwana kulia..."

"Hulia yeye, najua, najua."

"Hujui! Ungejua ungenyamaza! Sasa chuo kitakuchukua wewe. Utavaa koti jeupe, utatoa watu damu na hiyo mikono yako ya saruji!"

Mumewe, mtu mpole ambaye wenzake kazini humwita Kikokotoo kwa sababu huhesabu matofali ya nyumba nzima bila kalamu, aliinama kukitazama kikombe chake. Aliyejibu ni Bibie.

"Mama mdogo, usimkaripie baba mdogo. Mimi ndiye nilikuwa namsomea."

*

Kumrudisha mtu mwanzo kwenye programu ile ni vibonyezo viwili. Inakuuliza, *Una hakika?* Unabonyeza ndiyo. Kisha inampa maswali ya kupimia, kuanzia mepesi, mpaka ione anakwama wapi.

Mama Nywila alimpa Bibie kipanya abonyeze mwenyewe. Bibie akakunja mikono. Basi akabonyeza yeye, kwa moyo mzito, na akamwacha peke yake chumbani na maswali ya kupimia. Injinia hakuwapo, wala baba mdogo. Bibie alipotoka, alikuwa ngazi ya tatu.

Ijumaa ubao ukasomwa. Jina lililozoea kutajwa la kwanza likatafutwa, halikuonekana, likaja kutokea huko chini ambako watu huwa wameshaanza kuondoka. Shule ikacheka. Mmoja akasema lifti imekatika kamba.

Bibie hakusema neno na mama yake mdogo kwa siku nyingi. Nyumba nzima ilizungumza kwa kupitia kwa fundi ujenzi. "Baba mdogo, mwambie mama mdogo chumvi imekwisha." Na mama mdogo yuko palepale, hatua mbili, amesimama na mwiko.

"Iliniuma," anasema Mama Nywila. Anasema hivyo tu, kisha anaanza kupangusa kibodi ambayo haina vumbi. "Iliniuma sana. Mtoto niliyemlea. Nilisema, je, nikiwa nimekosea? Nikiwa nimemvunja moyo tu, asipate hesabu wala raha?"

Ofisini nako kukawaka. Mwalimu mkuu alimwita. Wageni waliosaidia kulipia mtandao walikuwa wanakuja kuona maendeleo, na mwanafunzi wa mfano ameporomoka kutoka tisa hadi tatu. Akamtaka amrudishe alipokuwa.

"Nikamwambia, mwalimu, kwa heshima zote, kitufe cha kumrudisha hakipo. Akanambia hata hivyo shule ina sifa yake. Nikamuuliza, siku ya mtihani nani atakaa naye? Mume wangu?"

Mwalimu mkuu, alipoulizwa na mwandishi wa habari hii kuhusu mazungumzo hayo, alicheka kidogo na kusema Mama Nywila ni mfanyakazi mwenye bidii na ulimi. Bibie aliruhusiwa kubaki alipo. Lakini lilitoka agizo: asirudishwe mwanzo mwanafunzi mwingine yeyote mpaka wageni waje waondoke. Wageni wamekuja, wamepiga picha na ubao, wameondoka. Agizo bado lipo. Darasa karibu zima liko kwenye ngazi za kuazima, na mtihani hauahirishwi.

Ukitaka kumsikia Mama Nywila akipandisha, mguse hapo.

"Hii kitu ingewasaidia! Si ngumu! Kaa peke yako na swali. Weka karatasi na penseli kando yako, usihesabu hewani. Ukikosa usikimbilie lingine, soma kwanza umekosea wapi, hapo ndipo pana dawa. Usibahatishe, maana ukibahatisha ukapata, imekuandika unajua. Nusu saa kila siku inatosha. Lakini wao? Wiki nzima kimya, Alhamisi wanakesha kwa sababu Ijumaa ubao unasomwa! Wengine wanakosa makusudi wapewe maswali mepesi, wachume nyota za majibu sahihi. Nyota! Utaipika nyota?"

Anavuta pumzi. "Na wazazi vilevile. Wakija, hakuna anayeuliza mtoto amejua nini. Wanauliza ngazi ya ngapi. Ngazi ni ya kupandia, jamani, si ya kuvaa."

*

Kilichobadilika kwa Bibie hakikuwa hotuba. Hotuba alishazisikia za kutosha.

Ilikuwa pale chumbani, wiki kadhaa baada ya kushushwa. Programu ilikuwa inamletea kugawanya, kugawanya tu, kwa sura hii na ile, maana iligundua kwamba shina la tabu zake zote liko hapo. Alikuwa amenuna, anaandika kwenye karatasi kwa kulazimishwa. Akajibu moja, likawa sawa. La pili, sawa. Alipopata la tano mfululizo aligeuka nyuma kutazama nani amemwambia.

Hakukuwa na mtu. Mama yake mdogo aliliona hilo akiwa amesimama dirishani, na anasema alilazimika kutoka nje akajifanya anakung'uta tambara.

Jumapili simu ikalia. "Ngazi ya ngapi sasa?" akauliza dada, kama kawaida, kwa sauti inayosikika chumba kizima. Wiki zote zile Mama Nywila alikuwa anazungukazunguka, mara mtandao unasumbua, mara mtoto amelala. Siku hiyo alifungua kinywa kusema lolote, na Bibie akamnyang'anya simu.

"Ya nne, mama. Ile ya tisa haikuwa yangu."

"Ya nani?" dada akauliza.

"Ya baba mdogo."

Fundi ujenzi akainamisha kichwa kama mtuhumiwa.

"Na maabara?" dada akauliza, polepole.

"Bado nataka," Bibie akasema. "Ndiyo maana nimeshuka."

Alipokata simu alimwambia mama yake mdogo, moja kwa moja na bila kupitia kwa mtu, kwamba anahitaji penseli nyingine, hii imekuwa kipande.

Sasa yuko ngazi ya tano. Amekaa hapo siku nyingi na kuna siku anarudishwa ya nne. Katika jaribio la karatasi la mwisho alipata thelathini na tisa. Hazitoshi kumpeleka chuo. Ila zote thelathini na tisa ni zake, na Mama Nywila amezikariri kama mtu anayekariri tarehe ya kuzaliwa.

Jioni Bibie akifungua simu kufanya mazoezi, fundi ujenzi hutolewa barazani na redio yake. Ni amri. Kupitia dirishani anasikia mtoto akisoma swali kwa sauti, na mkewe anaapa kwamba midomo ya mumewe hucheza. "Anajibu kimoyomoyo," anasema. "Siwezi kumzuia, lakini angalau hasikiki."

Mumewe hakatai. "Ni mateso," anasema. "Swali la matofali linapita mbele yako, na wewe unaambiwa ukae kimya."

Mama Nywila ana mpango wake. Anataka kumwomba mwalimu mkuu, kwa mara ya nne, ubao ufutwe, au kama lazima ubaki, uandikwe maswali ambayo mtu alikuwa hayawezi wiki jana na wiki hii anayaweza. Anajua atakachojibiwa. Atakwenda tu. Na mtoto wake?

"Akifika ya saba kabla ya mtihani nitashukuru. Akifika ya sita nitashukuru vilevile. Sitaki tena kusikia habari za tisa. Nataka tu afike yeye."

Chumbani, asubuhi hii, kuna kelele za vibodi na harufu ya vumbi lililopata joto. Injinia ameshahama viti mara mbili na amerudishwa mara mbili. Bibie amekaa kompyuta ya kipira cha sifuri, karatasi kando, nyusi zimekutana. Swali lililo mbele yake ni la uwiano: dawa na maji, vipimo viwili kwa vitano, lita ishirini na moja zote pamoja, dawa ni lita ngapi? Ameandika, amefuta. Ameandika tena, amefuta mpaka karatasi imetoboka.

Mama Nywila anapita nyuma yake na tambara. Anasimama. Swali hili analijua, ndivyo anavyochanganya dawa ya kupigia deki kila siku ya Mungu. Anaona kabisa mtoto anakoelekea, na anakoelekea siko. Midomo inaanza kumcheza kama ya mumewe.

Bibie hageuki. Ananyanyua mkono wa kushoto, anaukinga nyuma ya kichwa chake, kiganja wazi.

"Mama mdogo," anasema, "niache nikosee."

Anabonyeza. Anakosa. Programu inamrudisha hatua moja, naye anageuza karatasi upande wa pili, anaanza upya.

Mama Nywila anayameza maneno yake, anakwenda mwisho wa chumba, na kuanza kupangusa kompyuta ambayo ameshaipangusa.